Kumtafuta Nyar Seme

Jumatatu, 10 Machi

Mvua imepiga hodi mchana, ikasimama mlangoni, ikaondoka zake. Soko zima la Kibuye lilikuwa limeshafunika mitumba kwa turubai, na sasa wanaifunua tena huku wakiitukana mbingu. Mimi nimefunga saumu, kwa hiyo nimetukana kimoyomoyo.

Amekuja mtu mrefu kibandani kwangu, kompyuta ameitia kwenye mfuko wa unga. Anaitwa Frankline. Kompyuta ni ya babake, Mzee Mathews wa Nyamasaria, na niliiuza mimi mwenyewe mwaka jana: ganda kuukuu, ndani nimeweka Linux, ile programu huria isiyo na bwana, ambayo yeyote anaruhusiwa kuifungua na kuitengeneza. Nilidhani imekufa. Kumbe ni nzima, anataka tu iweze kuona picha za chuo.

Kisa chenyewe ni hiki. Kabla maji ya mwaka wa korona hayajala ukingo wa ziwa, watu wa chuo fulani walirusha droni wakapiga picha kila boma la huko chini. Boma la Mzee Mathews limo, na ndani yake kaburi la mkewe, Mama Benta. Maji yalipopanda, familia ilihama na magodoro kichwani. Kiangazi hiki maji yamerudi nyuma, wakaenda kuangalia, na kaburi halionekani. Ni tope tupu, sawasawa kama sinia.

"Mzee ni mgonjwa wa moyo," Frankline alisema. "Nimenunua shamba huko Kisian, juu, mahali maji haiwezi fika. Nataka ahamie, na siku yake ikifika alale huko. Anakataa. Anasema hawezi lala mahali mama hayuko."

Kwa mila ya kwao, mtu akihama boma anaweza kubeba udongo wa kaburi aliloliacha, akaumwaga kwenye boma jipya, na aliyelala huhesabiwa amehama naye. Lakini uchote wapi, na hujui kaburi liko wapi? Mvua kubwa ikija ziwa litapanda tena, na hapo ndiyo basi. Frankline alisema haya yote akiwa bado amesimama, simu mkononi. Sikumpenda. Mwana gani anamtafutia babake kaburi na baba bado anakunywa chai?

Alhamisi, 13 Machi

Nimempigia Masinde, anayetunza mashine za kile chuo. Nilimwambia anitumie hizo picha tukamalize kazi. Akacheka.

"Habiba, picha ni maelfu, hazina majina, ni namba tu. Mimi nitajuaje kaburi ya nani ni gani? Mwenye boma aangalie mwenyewe."

Kisha akanieleza jinsi zilivyohifadhiwa, na tangu hapo kichwa changu hakijatulia. Picha moja haikai mahali pamoja. Imekatwa vipande, kimoja kiko kwenye mashine ya Kisumu, kingine Bondo, kingine Homa Bay, na kila kipande kina pacha wake kwingine ili mashine moja ikifa kitu kisipotee. Kompyuta ya mzee nitaiwekea programu ndogo inayoitwa mteja. Mteja ataomba tiketi ya kuingia, na akipewa, mashine zote zitaonekana mbele ya mzee kama folda moja, utadhani picha ziko papo hapo mezani.

Wakati wa kufuturu Mama ameniuliza mbona nakodolea uji macho. Nilikuwa nawaza boma limelala vipandevipande kuzunguka ziwa, likingoja mtu aliite.

Ijumaa, 14 Machi

Joto. Wadudu wa ziwani wamejaa hewani kama moshi. Sikufanya lolote la maana.

Jumatatu, 17 Machi

Imefunguka! Nilimsimika mteja asubuhi, nikaandika anwani za mashine za Masinde, nikaweka ufunguo alionipa, na folda ikajitokeza taratibu. Nilifungua picha moja tu. Boma la mtu nisiyemjua, kutoka juu, na nguo zimeanikwa kwenye ua: shuka la manjano, sare ya shule. Mahali pale sasa ni tope. Niliiangalia hiyo sare mpaka mteja wa kweli akagonga meza akitaka chaja.

Jioni nimeipeleka kompyuta Nyamasaria. Mzee alikuwa amelala, nikaiacha.

Jumanne, 18 Machi

Frankline kapiga simu. Haifunguki.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekutana na Mzee Mathews. Anakaa kwenye chumba cha kupanga nyuma ya duka la mbao, na kompyuta ameiweka juu ya kitambaa cha kufuma, kama picha ya marehemu. Ana mabega makubwa ya mtu aliyevuta nyavu maisha yake yote, lakini pumzi imekuwa fupi.

"Karibu, nyar Kaloleni. Chai?" Kwao mwanamke huitwa kwa alikotoka: binti wa Kaloleni, mtaa wetu.

"Nimefunga, Mzee."

"Basi kaa, ufunge ukiwa umekaa."

Nilijaribu, mteja akagoma. Maandishi yalisema tiketi bado haijaanza kazi. Nikampigia Masinde.

"Umenipa tiketi ya lini wewe? Ya Krismasi?"

"Si mimi. Tiketi iko sawa kabisa. Nimeangalia hapa, imetoka sasa hivi."

"Mbona inasema bado?"

"Angalia netiweki yako, madam."

Madam! Na mimi nimefunga, jua linachoma bati, Mzee ananitazama kwa subira ya mtu anayengoja samaki. Nilijaribu mpaka karibu na Alasiri. Wakati nafunga vifaa vyangu Mzee aliuliza polepole, "Kwani hawataki nione?" Nikamwambia si hivyo, Mzee, ni mitambo tu. Lakini niliona aibu kama ni mimi niliyemfungia mlango.

Jumanne, 25 Machi

Niliirudisha Kibuye, nikafuta kila kitu, nikaanza Linux upya kutoka chini. Mteja upya, anwani upya, ufunguo upya. Imefunguka bila kusita. Nimeipeleka Nyamasaria mwenyewe kwa bodaboda, nimeikumbatia kifuani, na nilipoiwasha mbele ya Mzee ilifunguka vilevile. Akaona picha ya kwanza, ya gati la zamani. Akakigusa kioo kwa kidole. Kisha stima ikapotea mtaa mzima, na betri yake ilishakufa zamani.

Alhamisi, 27 Machi

Haifunguki. Tiketi bado haijaanza kazi.

Nilimwambia Frankline kwamba tatizo ni Nyamasaria. Mnara wa simu, au stima, au hata hewa yenyewe. Akaniambia maji yameshafika kwenye miti ya kufungia mitumbwi. Sikuelewa hiyo miti iko wapi, lakini nilielewa sauti yake.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Mvua tangu alfajiri. Tumeswali tukiwa tumelowa, na pilau ya Mama imetuponya. Nimelala mchana, nikaota naogelea juu ya paa za nyumba na kila paa lina namba.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo nimeshuka hadi kwenye ule ukingo, nilitaka kujua ninachohangaikia. Njia imekuwa mfereji. Kulikuwa na ukungu, gugu maji limesukumwa hadi karibu na nyasi, na ndani ya ule weupe niliona mtu anatembea na fimbo ndefu. Anaichoma ardhini, anasikiliza, anasogea hatua moja, anaichoma tena. Nilidhani anatafuta kambare. Alikuwa Frankline.

Alishtuka kuniona. Suruali ilikuwa tope hadi mapajani.

"Kaburi yake tuliizungushia mawe," alisema. "Nikigonga jiwe nitajua."

"Unakuja kila siku?"

"Nikitoka kazi. Usiambie mzee, atakuja pia, na moyo wake haitaki hii baridi."

Nikamuuliza kwa nini ana haraka hivyo. Alifuta fimbo kwa mkono.

"Mama alikuwa anaogopa maji, Habiba. Ameolewa na mvuvi na hajawahi panda mtumbwi hata mara moja. Sasa analala chini yake."

Nilimsaidia kuchoma ardhi mpaka giza likaanza kuingia. Hatukugonga jiwe lolote. Nilipofika nyumbani nililia kidogo bafuni, na sikujua kama ninamlilia Mama Benta, au yule mtu niliyemhukumu kwa sababu alikuwa anaongea amesimama.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Mvua. Mvua.

Jumanne, 8 Aprili

Niandike taratibu ili nisiruke kitu.

Nilifika kwa Mzee baada ya Alasiri. Frankline alikuwepo. Tukawasha, tiketi bado haijaanza kazi. Nilikuwa nimechoka hata hasira zilikuwa zimeisha. Nikamwomba Frankline apige picha kioo kizima amtumie Masinde, aone mwenyewe kwamba sijatunga. Masinde akapiga simu papo hapo.

"Habiba, mimi nataka ya sasa. Hii mmepiga asubuhi."

"Imepigwa sasa hivi, Masinde, usinichezee."

"Hapo pembeni inasema saa nne asubuhi."

Nikaangalia pembeni ya kioo. Palikuwa na kumi, nukta mbili, sufuri tano. Nikamjibu, "Ndiyo, saa kumi na dakika tano. Ni saa kumi jioni. Una shida gani?"

"Habiba," akasema kwa upole sana, "kompyuta ikiandika kumi hivyo, ni saa nne. Sasa ingefaa iandike kumi na sita."

Karibu wiki tatu nimekaa mbele ya kile kioo, na kila nikiangalia saa niliona saa ya kweli, kwa sababu ndiyo saa ninayoisema kinywani. Mimi, fundi! Kila tiketi hugongwa saa ya kuanza kazi; hii ilikuwa inatolewa leo jioni na kompyuta inaamini bado ni asubuhi. Kwayo ile tiketi ilikuwa ni ya baadaye. Ilikuwa inasema kweli siku zote.

"Nani amegusa saa?" niliuliza.

"Mimi," Mzee akasema, bila wasiwasi wowote. "Mimi ndiyo huwa narekebisha. Kila ukileta hii mashini imekosea. Jua likitoka ni saa moja, hata mtoto anajua. Hii yako inaandika saba! Mara ya kwanza nikasema labda ni mgeni, itazoea. Haikuzoea. Nikaweka sawa kwa mkono."

Frankline alitoka nje. Nilimsikia akicheka peke yake huko kwenye mvua, kicheko kilichokaribia kilio.

Ningeweza kumfundisha Mzee. Nilifungua kinywa, nikamwangalia alivyokaa wima, amejiandaa kutetea jua, nikakifunga. Badala yake niliirudisha saa ya ndani mahali pake, ile ambayo mashine za Bondo na Homa Bay zinaiamini. Kisha nikaiambia kompyuta kwamba mwenye nyumba anaishi Brazili. Huko wako nyuma yetu kwa saa sita, kwa hiyo kioo kikaandika kumi, na ndani ikabaki jioni ya Kisumu. Mzee akaangalia pembeni, akatikisa kichwa kuridhika.

"Ber, vizuri. Umeona? Sasa imezoea."

Na folda ikafunguka.

Jumatano, 9 Aprili

Frankline amesema mzee hajaondoka mbele ya kioo tangu asubuhi.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimepita na mandazi. Mzee hakuniona nikiingia. Alikuwa anatembea humo ndani, sina neno jingine. Picha moja hadi nyingine, njia kwa njia, anawasalimia watu.

"Hii ni kwa Adongo. Alikuwa na ng'ombe moja tu na maneno ya ng'ombe kumi. Hii ni kanisa, tangi yake ingali imesimama hadi leo. Hapa tulikuwa tunakaushia omena, dagaa wetu. Angalia, angalia mbwa wangu!"

Nilitazama. Palikuwa na doa la kahawia kwenye kivuli. Nikasema ni mbwa mzuri.

Nilikaa naye mchana wote. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati na ndani ya kioo kulikuwa na jua la zamani, kali, kila kitu na kivuli chake kifupi. Kuna wakati nilisahau kwamba hizo nyumba hazipo. Nilitaka tu kukata kona ya pili nione nani anaishi hapo. Nilipomuuliza kama amefika bomani kwake, alisema, "Niko njiani."

Jumamosi, 19 Aprili

Maji yamefika kwenye ukuta wa kanisa kuukuu. Nilimwambia Frankline amshurutishe mzee, akakataa.

"Amenyimwa hii nyumba miaka. Wacha akae."

Na mimi niliyedhani huyu mtu hana subira.

Jumatatu, 21 Aprili

Leo nimefanya jambo lisilo la adabu. Mzee alipoenda msalani, niliangalia picha alizofungua tangu siku ile ya kwanza. Kuna moja ameifungua kila siku, kuanzia ile ya kwanza kabisa, na mara ya mwisho ni leo. Niliifungua. Boma lenye ua wa michongoma, nyumba ya bati, na upande wa kushoto wa nyumba, mviringo wa mawe.

Alinikuta nayo. Sikuwa na pa kujificha.

"Mzee, ulimpata siku ya kwanza."

Alikaa polepole, akapumzisha pumzi.

"Nilimpata," alisema. "Nyar Seme wangu. Nilimpata hata chai haijapoa."

"Maji yako kanisani, Mzee. Frankline anaumia."

"Najua." Alikuwa anaangalia mikono yake. "Nyathina, mwanangu, nikiwaonyesha, mtachukua udongo tutaenda Kisian. Tukifika Kisian hakuna kitu nangoja tena. Mtu hahami boma ya mwisho mara mbili. Hapa bado natafuta bibi yangu. Mtu anatafuta, huyo bado ako na kazi."

Mimi ndiye niliyehangaika ili huu mlango ufunguke, na sikuwahi kuuliza kuna nini upande wa pili kwa yeye anayeingia. Nilimwambia tu alichoniambia mwanawe kule kwenye ukungu, kwamba Mama Benta aliogopa maji, na kwamba anaenda kumtafuta kwa fimbo. Nilijua nimeombwa nisiseme. Nilisema.

Mzee aliinua macho kutoka kwenye mikono yake.

"Anakuja huko na fimbo?"

"Kila jioni."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Akanyoosha mkono akafunga kompyuta. "Mwite," akasema.

Alhamisi, 24 Aprili

Tumeenda asubuhi mapema. Mvua ilikuwa imepumzika. Picha nilikuwa nayo kwenye simu, na tangi la kanisa lilikuwa limesimama majini, lile lile la kwenye picha. Kutoka tangi tulifuata mstari hadi kisiki cha mti ambacho kwenye picha ni mti mzima, kisha tukageuka kuelekea pale panapopaswa kuwa na mlango. Maji yalikuwa ya kifundo, vuguvugu. Frankline alimshika babake kwapani. Nilitaka kumkataza Mzee asiingie, lakini ni nani angenisikiliza?

Frankline alichoma fimbo. Tope. Akasogea, akachoma. Jiwe lilitoa mlio, nasi sote tuliusikia. Akachoma pembeni, jiwe tena, na tena, mviringo mzima chini ya maji. Alikuwa amepita hatua chache kutoka hapo jioni zote zile.

Alipiga magoti majini, akazamisha mikono hadi viwiko, akaanza kutoa tope na kulitia kwenye sufuria ya mamake ambayo walihama nayo. Machozi yalikuwa yanashuka naye hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi. Mimi nilisoma Fatiha kimya. Sikujua kama inafaa kwa Mkristo, lakini ndiyo niliyo nayo.

Mzee Mathews akainama kadiri alivyoweza.

"Nyar Seme," aliita, sauti ya mtu anayemwamsha mkewe bila kutaka kumshtua. "Chung'. Wadhi dala. Amka, twende nyumbani. Huko hakuna maji, hata ya kunywa yanapimwa na kijana wako."

Frankline akacheka katikati ya kilio, na sufuria nusura imponyoke.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua kubwa usiku kucha. Asubuhi Frankline amenitumia ujumbe: kile kisiki kimezama, hakionekani tena.

Jumamosi, 3 Mei

Nimealikwa Kisian. Mlima uko nyuma, ziwa liko mbali chini, bluu, linaonekana halina hatia yoyote. Nyumba ya Mzee bado inanukia mbao mbichi. Jamaa wa Seme, watu wa Mama Benta, wamekuja kwa miguu, ni karibu, na wanawake waliimba wakati Frankline anaumwaga ule udongo upande wa kushoto wa nyumba na kuuzungushia mawe. Mzee alisimama hapo mpaka jiwe la mwisho likakaa.

Kisha akatembea na mkongojo wake kuvuka mbele ya mlango hadi upande wa kulia, ambako kwao hulazwa mume. Akaangalia ng'ambo kwenye yale mawe, akasogea kidogo ili wawe sambamba, akachora mstari ardhini kwa ncha ya mkongojo.

"Frankline."

"Baba."

"Ni hapa."

Frankline aliitikia kwa kichwa tu, mikono bado ina udongo.

"Lakini si leo," Mzee akasema, akipitisha kiatu juu ya ule mstari hadi ukafutika. "Leo niletee kiti hapa, na chai. Nataka kukaa na mama yako."